Lumbesa na Mgongo wa Anayeibeba



Kila msimu wa viazi na vitunguu unapoingia, habari ya lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, hurudi. Kiongozi atasimama mnadani akemee. Maofisa wa Wakala wa Vipimo watasimamisha fuso barabarani, gunia litapandishwa kwenye mizani, na tutaelezwa jinsi mkulima anavyopunjwa: kalipwa gunia moja, kumbe kilichoondoka shambani kwake ni gunia moja na kilemba juu. Hoja hiyo ni ya haki, wala sina ugomvi nayo. Ila katika hekaheka zote hizo ni nadra kumsikia mtu akiuliza jambo dogo tu: gunia lile lilipandaje kwenye gari? Na likifika sokoni, litashukaje?

Linashushwa na mtu. Nenda soko la Mabibo au la Ilala kabla jua halijachomoza ujionee. Vijana wawili wako juu ya gari, kazi yao ni kulisukuma gunia mpaka ukingoni. Chini amesimama mbebaji, kalipa gari mgongo, kainama kidogo, mikono kaipitisha nyuma ya kichwa. Shingoni kakunja kitambaa, au kipande cha gunia kuukuu. Hapo ndipo mzigo unapomshukia, na nasema unamshukia kwa sababu hakuna anayemwekea taratibu. Unamwangukia mabegani na shingoni kwa kishindo. Magoti yanacheza. Kisha anaondoka kwa mwendo wa mbio za hatua fupi, maana kila nukta anayosimama na mzigo ule inamgharimu. "Njia! Njia hiyo!" Anakatiza kati ya akina mama waliopanga mafungu ya nyanya, anakanyaga tope na maganda ya mahindi, anafika kwenye kizimba cha mwenye mali, anageuka, anauachia uporomoke. Halafu anarudi kuchukua mwingine.

Hulipwa kwa idadi ya magunia. Kwa lumbesa anaweza kuongezewa kidogo baada ya kubishana, lakini hakuna mizani kati yake na tajiri. Kuna macho na maneno tu. Ukimuuliza, "Kaka, mgongo vipi?" atacheka, akuambie mgongo ndiyo mtaji. Ndivyo ilivyo. Ni mtaji unaoliwa kila alfajiri, wala hakuna anayeurudishia.

Sasa tuseme lumbesa imekwisha leo, na kila gunia limefungwa kama sheria ya vipimo inavyotaka. Kwa hapa Tanzania, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Wenzetu wa Kenya, katika kanuni zao za zao la viazi za mwaka 2019, waliweka ukomo wa kilo 50. Kwao pia kelele kubwa ilikuwa ya mkulima kupunjwa, lakini kanuni ile, ikifuatwa, inamfaa hata mtu ambaye hakutajwa: mbebaji anapunguziwa mzigo kwa mstari mmoja wa sheria. Sisi bado tuko kwenye 100, tena tunashindwa kuisimamia hata hiyo.

Kilo 100 ni nyingi kiasi gani kwa mwili wa mtu? Marekani wana taasisi ya taifa ya utafiti wa usalama na afya kazini, inayojulikana kwa kifupi kama NIOSH. Wataalamu wake waliketi wakatafuta kipimo cha uzito ambao wafanyakazi walio wengi, wanaume kwa wanawake, wanaweza kuunyanyua kwa mikono miwili bila kuuhatarisha mgongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikirekebisha kipimo chao, wakaishia kwenye kilo 23. Na hizo 23 ni pale mambo yote yanapokuwa mazuri: mzigo umekaribia mwili, uko usawa wa vidole vya mkono ulioning'inia, una pa kushikia, mtu hajipindi, wala hanyanyui mara kwa mara. Kila sharti linalovunjika linakata kilo kadhaa.

Chukua mfuko wa simenti. Huku kwetu mfuko wa kawaida ni kilo 50. Tuseme umelala sakafuni, karibu na ardhi, na mahali unapoushika pako nusu mita mbele ya vifundo vya miguu yako. Unataka kuupandisha mita moja juu, uuweke kwenye gari lililo ubavuni kwako, kwa hiyo unajipinda nusu ya pembe mraba. Ukiziingiza namba hizo katika hesabu ya NIOSH, zile kilo 23 zinashuka hadi kilo 7 hivi. Hapo hatujauliza utanyanyua mifuko mingapi kwa saa. Hatujauliza vumbi wala joto.

Kwa nini umbali wa nusu mita uwe na ukali kiasi hicho? Kwa sababu misuli inayousimamisha mgongo imekaa karibu sana na uti, kadiri ya sentimita 5 tu kutoka katikati ya pingili. Mzigo ulio sentimita 50 mbele uko mbali mara kumi zaidi. Basi ili kuushikilia mzigo wa kilo 25 mahali hapo, misuli hiyo inavuta kwa nguvu inayolingana na kilo 250, na nguvu yote hiyo inazikandamiza pingili za kiunoni na zile sahani laini zilizo katikati yake. Bado kiwiliwili chenyewe, kichwa na mikono, nacho kimeinamishwa mbele na kinadai kushikiliwa. Ndiyo maana mtu anaweza kuumia kwa kuokota kalamu.

Naharakisha kusema kwamba hesabu ile ni ya kunyanyua kwa mikono. Mbebaji wa sokoni anabeba mabegani, na hapo mzigo uko juu ya uti badala ya kuwa mbele yake, kwa hiyo huwezi kuhamisha namba moja kwa moja. Lakini uti wa shingo nao una kikomo chake, na magoti yana chake. Tena kuna ule wakati wa gunia kumwangukia kwa kishindo. 

Wazee wetu walilijua hili kwa njia yao. Katika misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, kilo thelathini na kitu. Pembe kubwa za ndovu zilikuwa habari nyingine. Ni kweli mpagazi yule alitembea siku nyingi na wa sokoni anatembea mita hamsini, kwa hiyo si haki kuwalinganisha kilo kwa kilo. Ninachotaka ulione ni kwamba mzigo ulikuwa na kipimo kinachojulikana, na mpagazi alijua ni wapi aseme hapana.

Wajukuu wao wapo, tena hatuna haja ya kwenda mbali kuwatafuta. Kilimanjaro, kwenye mageti ya kupandia mlima, kuna mizani. Mzigo wa mpagazi unapimwa kabla hajaanza safari, na kiwango kinachosimamiwa kwa mzigo wa kampuni na wageni ni kilo 20, mbali na vitu vyake mwenyewe. Sisemi mlimani mambo ni shwari; malalamiko ya wapagazi kuhusu ujira, chakula na mahali pa kulala yamesikika miaka mingi. Lakini mizani ipo. Mtalii kutoka Ulaya anayejali jina la kampuni aliyoilipa amesaidia mizani hiyo iheshimiwe. Mteja wa viazi, ambaye ni mimi na wewe, hajawahi kuuliza.

Hapa tunakutana na fundo lenyewe. Mwajiri wa mbebaji wa sokoni ni nani? Mwenye mali atakuambia yeye kanunua huduma tu. Dereva atasema yeye kaleta mzigo. Soko linatoza ushuru, linatoa vizimba na kufagia. Kila mmoja ananufaika na mgongo ule, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa mahali kuwa anauwajibikia. Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, na tuna wakala wa kuisimamia, OSHA. Tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na Mfuko wake, ambao ulianza kukusanya michango ya waajiri mwaka 2015. Kenya wana sheria zao mbili za mwaka 2007, ile ya usalama kazini na ile ya fidia ambayo mtaani inaitwa WIBA. Yao ya usalama ina kifungu kizima kinachotaka vifaa na kazi viendane na mwili wa mfanyakazi, na kinamkataza mwajiri kumbebesha mtu mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumdhuru. Ni maneno mazuri. Ila mengi yanaegemea neno mwajiri.

Basi tumwache mbebaji wa sokoni kwa dakika chache, twende kwa yule ambaye hawezi kukana kwamba ni mwajiri. Mwenye ghala la simenti. Mwenye kiwanda cha soda au cha unga. Mwenye hospitali, maana muuguzi anayemgeuza mgonjwa mzito kitandani usiku peke yake yuko katika hatari ileile, na mgonjwa hana pa kushikia.

Waajiri hawa wameanza kuamka. Wapo wanaoita washauri wa usalama, na biashara hiyo inakua. Nina neno kuhusu kinachouzwa humo.

Kinachouzwa kwa urahisi ni semina. Mtaalamu anakuja na projekta, anaonyesha picha ya mtu aliyekunja magoti na kunyoosha mgongo, kila mmoja ananyanyua boksi tupu mara mbili, vyeti vinatolewa, chai inanywewa. Kesho yake mfuko ni uleule wa kilo 50, uko sakafuni palepale, na gari liko juu kama jana. Magoti yatakunjwa mara kumi za mwanzo. Mara ya mia moja mtu amechoka na kukunja magoti kunachosha kuliko kuinama, kwa hiyo atainama. Tafiti zimeshakusanywa na kupitiwa juu ya jambo hili, zikiwemo zile zilizochambuliwa na mtandao wa kitabibu wa Cochrane, na jibu lake halijawafurahisha wauza semina: kumfundisha mtu namna ya kunyanyua, peke yake, hakujaonekana kuzuia maumivu ya mgongo.

Kitu cha pili kinachouzwa ni mkanda, ule mpana mweusi wa kufunga kiunoni. Ukiuona umevaliwa ghala zima unaweza kudhani umefika mahali panapojali watu. Mwaka 2000, NIOSH haohao walichapisha utafiti katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Walifuatilia wafanyakazi zaidi ya 9,000 katika maduka 160. Waliovaa mkanda kila siku na wasiovaa, maduka yaliyolazimisha mkanda na yasiyolazimisha, hawakutofautiana kwa madai ya kuumia wala kwa maumivu. Tena mkanda unaweza kumpa mtu ujasiri wa kunyanyua kizito zaidi. Naona heri fedha hiyo inunue toroli.

Huduma ya kweli ina sura tofauti. Mtaalamu mzuri hafiki na projekta. Anafika na futi kamba na mizani, tena anafika saa ambayo kazi imechachamaa. Anapima urefu kutoka sakafuni hadi kwenye bodi ya gari. Anahesabu mifuko inayopita kwa saa. Anauliza ni kazi gani ambayo vijana wapya hupewa kwa sababu wakongwe wanaikwepa; jibu la swali hilo peke yake linamwonyesha hatari ilipo kuliko fomu kumi za ukaguzi. Ndipo anapomwambia mwenye ghala mambo yasiyopendeza: kwamba mifuko isilale sakafuni, ikae juu ya paleti mbili zilizobebana, kwamba sakafu yenye mashimo inafanya toroli lisitumike, kwa hiyo azibe mashimo kabla ya kununua toroli, kwamba ajenge jukwaa la zege lenye kimo cha bodi ya gari ili mzigo usukumwe badala ya kunyanyuliwa, kwamba mpango wa kulipa kwa idadi ya mifuko ndio unaomkimbiza mtu mpaka avunjike. Uingereza wauza simenti walihamia mfuko wa kilo 25 na nyumba zinaendelea kujengwa.

Mwajiri atauliza gharama. Ana haki ya kuuliza, nami nitamjibu kwa kisa cha zamani. Mwaka 1885 kijana mmoja wa Kimarekani, Frank Gilbreth, alianza kujifunza uashi akiwa na umri wa miaka 17. Aliwatazama mafundi akaona kila mmoja anainama hadi chini kuokota tofali moja, maana yake anashusha na kupandisha nusu ya mwili wake kwa ajili ya kitu cha kilo mbili tatu. Baadaye akatengeneza jukwaa linalopandishwa kadiri ukuta unavyokwenda juu, lenye rafu ya matofali usawa wa kiuno, na kibarua wa kuyapanga uso mzuri ukiwa tayari nje. Mijongeo 18 kwa kila tofali ikashuka hadi mitano. Matofali kwa saa yakapanda kutoka 120 hadi 350. Gilbreth hakuwa mtu wa huruma hasa. Alikuwa mtu wa kasi. Lakini kasi ile ilipatikana kwa kuuacha mgongo wa fundi upumzike. Nenda leo kwenye nyumba yoyote inayojengwa mtaani kwako utazame matofali yamerundikwa wapi. Yako chini.

Kwa wale walioko ofisini nisiwasahau, ingawa nakiri kwamba ninyi mmeshapendelewa. Ukisikia semina ya mambo haya hotelini, aghalabu itakuwa ya viti. Kompyuta mpakato juu ya meza inakulazimisha uchague kati ya shingo na mabega. Ipandishe kwa vitabu mpaka ukingo wa juu wa kioo ufike usawa wa macho, tafuta kibodi ya pembeni, na inuka kila baada ya muda utembee. Yanatosha hayo.

Nirudi kwenye fidia, kwa sababu hapo kuna jambo linalowadhuru hata walioajiriwa rasmi. Kidole kikikatwa na mashine, ajali ina siku, ina saa, ina shahidi na damu sakafuni. Fomu inajazwa. Mgongo hauna siku. Mtu amebeba miaka minane, asubuhi moja anashindwa kuvaa viatu, yuko nyumbani kwake, kitandani. Msimamizi anauliza, "Uliumia lini?" Hana jibu. Basi inaandikwa kwamba ameugua, anapewa siku tatu, akirudi anaonekana mvivu, na mwaka unaofuata mkataba hauhuishwi. Hakuna ajali iliyotokea. Katika daftari la kampuni, rekodi ni safi kabisa, na pengine kombe la usalama limewekwa kwenye kabati la mapokezi.

Ndiyo maana uchunguzi wa afya unaotakiwa na sheria, wa kabla ya kuanza kazi, wa wakati wa kazi na wa kuondoka, usichukuliwe kama karatasi ya kumridhisha mkaguzi. Mfanyakazi aliyepimwa akiwa mzima wakati anaingia ana pa kusimamia siku anapodai kwamba kazi ndiyo iliyomvunja. Nawe unayenisikiliza ukiwa kibarua wa ghala au muuguzi wa wodi, kiuno kikikuuma mara mbili au tatu katika mwezi mmoja, nenda zahanati, mwambie daktari unafanya kazi gani na unabeba nini, aandike. Tunza nakala nyumbani.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikadiria mwaka 2023 kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu zitokanazo na kazi, na wengine milioni 395 huumia bila kufa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mkutano wake mkuu uliiweka haki ya kufanya kazi mahali salama miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, sambamba na haki ya kujiunga na chama na ya kutotumikishwa. Sijui ni wabebaji wangapi wa Mabibo wamehesabiwa katika milioni hizo. Kwa jinsi ninavyowaona wakiishi nje ya kila daftari, nadhani ni wachache.

Ombi langu jioni hii lina sehemu mbili. Mwenye ghala au kiwanda, wiki hii upime mzigo mzito kuliko yote unaonyanyuliwa kwa mikono katika eneo lako, na upime unaokotwa kutoka kimo gani. Ukimwita mshauri, mwambie aanze na mzigo huo na aache semina kwa baadaye. Na ninyi wa halmashauri, mnaotoza ushuru kwa kila gunia linaloingia sokoni, nanyi mmeshakuwa sehemu ya kazi ile: wekeni mizani getini, na gunia la zaidi ya kilo 50 ligawanywe kabla halijagusa bega la mtu. Kenya walianza na viazi. Nasi tuanze na viazi.